Lenzi Isiyo na Jina Kubwa

Kwa miaka minne niliajiriwa katika studio moja ya picha mjini, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufuta lenzi. Zilikuwa sita, zote za kampuni moja, ile ile iliyotengeneza kamera zenyewe, na mwenye studio alizipanga katika kabati la kioo majina yakitazama mlangoni. Aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba mteja hajui picha, anajua jina. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi juzi tu, nikamwamini. Lenzi za kampuni nyingine, zile zinazotengenezwa na watu wasiotengeneza kamera lakini zinaingia kwenye kamera ya kila mtu, aliziita mitumba hata zikiwa mpya ndani ya boksi. Nami nikaziita hivyo hivyo. Mwanafunzi mwenzangu wa zamani aliponunua moja nilimwonea huruma.

Nilipoacha kazi pale sikuacha kwa ugomvi. Nilitaka tu picha zangu ziwe zangu. Nikanunua kamera moja ikiwa na ile lenzi ndogo inayokuja nayo, nikakodi chumba katika mtaa wa Mbotela, Nairobi, na nikaanza kupiga harusi za Komarock, kwaya, watoto wa ubatizo, na picha za pasipoti za mtu yeyote aliyekubali kuketi mbele ya shuka langu jeupe. Nilikula, nililipa kodi ya nyumba, ila sikuwa nimepiga picha hata moja ambayo ningeitundika.

Baba yangu ni mchongaji wa vinyago. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa kijana, na kwa zaidi ya miaka arobaini amechonga chini ya paa moja la mabati huko Shauri Moyo, yeye na wenzake wapatao kumi na wawili. Wanachokichonga zaidi ni kihori cha Krismasi: Mariamu, Yusufu, mtoto, wachunga kondoo, ng'ombe na punda. Baba ndiye mwenye nyuso. Wenzake wakishachonga miili wanampelekea yeye achonge nyuso, na uso mmoja hauzidi punje ya harage. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, tangu nikiwa mtoto ananiita mama.

Jumapili moja, baada ya ibada, alinipitia nyumbani na kunieleza jambo alilolifanya bila kuniuliza. Mama mmoja anayenunua vihori kwao na kuviuza kwa maduka ya makanisa ng'ambo alikuwa amefika kibandani mwao, akaketi juu ya gogo, na kuwaambia kwamba picha za simu wanazomtumia zinafanya mpingo uonekane kama makaa. Alitaka kitabu kilichochapwa vizuri, kila kinyago na ukurasa wake, nyuso zikionekana. Tayari alikuwa na studio aliyoizoea mjini. Baba alipoitaja nilicheka, maana ilikuwa ile ile niliyofutia lenzi. Hapo baba akakohoa kidogo, kisha akaniambia kwamba alimjibu yule mama kuwa hata wao wana mpiga picha wao. Mama akasema vizuri, kila mmoja alete picha tatu za mfano, Ijumaa ya wiki ya tatu, ataamua.

Nilimkasirikia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kikombe cha pili nilikuwa nimeshaanza kuwaza mwanga.

Kesho yake nilitembea hadi Shauri Moyo na kamera yangu. Nilimweka mchunga kondoo mmoja juu ya meza, nikasogea, nikasogea zaidi, na kila nilipokaribia vya kutosha kuuona uso, picha ilitoka kama imepigwa kupitia mvuke. Lenzi yangu haikuumbwa kwa kazi ile. Nilihitaji lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ile tunayoiita makro, na ya aina hiyo sikuwahi kumiliki.

Basi nikaenda mjini kwa mwanamke mmoja anayeuza kamera na lenzi katika kibanda kilicho ndani ya jengo la maduka, kibanda chenye upana wa kabati la nguo. Ana umri wa shangazi yangu na huvaa sweta mwaka mzima. Aliniwekea lenzi mbili kwenye kaunta. Moja ilikuwa ya kampuni ya kamera yangu, jina lake nililifahamu kuliko la mtaa wangu, imetumika kidogo. Ya pili ilikuwa ya kampuni nyingine, mpya, na bei yake ilikuwa nusu ya ile ya kwanza. Niliishika ya kwanza, nikaifuta kwa pindo la blausi pasipo kufikiri. Akiba yangu yote ingeinunua hiyo, na nisingebaki na kitu.

Nilimuuliza ipi ni bora. Yeye akaniuliza ninapiga nini. Nikamweleza habari za vinyago, na uso wa punje ya harage, na ile Ijumaa.

"Mimi nikikuambia, utakuwa umenunua maneno yangu," alisema. "Chukua zote mbili kesho kutwa, Jumamosi. Niachie kitambulisho na kamera ya zamani kama uko nayo, na uzirudishe kabla sijafunga. Halafu wewe ndio utaniambia."

Sikuwa na kamera ya zamani. Nilimwachia kitambulisho, pamoja na saa ambayo mama yangu aliniachia kabla hajafariki.

Siku mbili zile nilisoma mtandaoni kila kitu watu walichoandika kuhusu lenzi hizo mbili. Kulikuwa na wanaume waliopiga picha za kuta za matofali ili walinganishe pembe za picha, na wengine waliotukanana kuhusu mikwaruzo isiyoonekana bila kukuza mara nane. Kufikia Ijumaa nilikuwa najua mengi zaidi, na uwezo wa kuamua umepungua. Nikakumbuka kwamba nilikuwa na mtu mmoja ambaye ametazama nyuso ndogo za mpingo kwa miaka arobaini, na hajui kampuni yoyote.

Jumamosi asubuhi nilizichukua lenzi mjini, nikamweka yule mchunga kondoo, niliyemwazima kwa baba, dirishani kwangu, juu ya karatasi ya kijivu, nikampiga kwa lenzi ya kwanza, kisha nikabadilisha na kumpiga kwa ya pili, kamera ikiwa pale pale, mwanga ule ule. Nikakimbia hadi kwa wachapaji wa picha, nikachapa zote mbili kwa ukubwa wa kalenda ya ukutani, nyuma nikaandika alama ndogo ya penseli niijue mwenyewe. Baba nilimkuta na patasi mkononi. Nikamwomba aache kidogo, anitazamie, aniambie ipi nzuri.

Alijipangusa mikono kwa aproni, akavaa miwani yake ya kusomea, akazipeleka picha mlangoni penye jua. Alizitazama kwa muda mrefu. Wenzake wawili walisimama nyuma yake. Kisha aliweka kidole gumba chini ya sikio la mchunga kondoo, kwenye picha ya kwanza.

"Hapa patasi iliniteleza," alisema. "Nilipitisha msasa, nikapaka rangi ya viatu, na hakuna mtu amewahi kuona." Akahamisha kidole hadi picha ya pili, mahali pale pale. "Na hapa pia iliteleza. Hii ni picha moja, mama. Umeichapa mara mbili."

Nilimweleza kwamba hapana, ni lenzi mbili tofauti, na moja ina bei maradufu. Akataka kujua hiyo bei ya ziada inanunua nini. Nikajieleza kama mwalimu. Nikasema ile ya jina kubwa inashika fokasi haraka zaidi, yaani inakiona kitu wazi mara moja, kwa hiyo kitu kikikimbia haikipotezi. Nikasema ukichoka nayo utaiuza kwa bei nzuri. Nikasema wateja wanaliheshimu jina.

Baba aligeuka akatazama rafu yake, ambapo ng'ombe, punda na wafalme walikuwa wamesimama mistari mitatu.

"Hawa watu wangu hawakimbii," alisema, na akarudi kwenye kigogo chake.

Wenzake walicheka, na mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa nimesikia. Saa kumi nilikuwa kwenye kile kibanda mjini. Nilirudisha ile ya jina kubwa na kuinunua ya pili, na pesa zilizobaki nikazitia kwenye taa mbili na stendi nzito ya kamera isiyotikisika. Mwanamke wa sweta alinirudishia kitambulisho na saa yangu, na hakuniuliza sababu. Alionekana kuijua.

Wiki iliyofuata nilijizoeza kwa vitufe, mbegu za mahindi na pete ya jirani. Lenzi ilikuwa na kasoro zake, sitadanganya. Nikiiachia itafute fokasi yenyewe ilikwenda mbele na kurudi nyuma ikiguruma kama mashine ya kusaga. Harusini nisingeitegemea. Lakini nilipozima hiyo fokasi ya kujiendesha na kuizungusha kwa mkono, nilipata nyuzi za nguo ambazo macho yangu hayakuwa yamewahi kuziona.

Kisha nikafanya kosa. Jumatatu ya wiki ya mwisho kamera iliniandikia kwamba kuna programu mpya ya kuiboresha, nami nikabonyeza kukubali bila kuwaza. Jumanne asubuhi nilipofunga lenzi, kioo cha kamera kilibaki cheusi na maneno mafupi: ondoa lenzi, safisha, uirudishe. Niliiondoa. Nilisafisha vile vichuma vya kuunganishia kwa kifutio cha penseli. Niliirudisha mara kumi. Maneno yakawa yale yale. Nikarudisha lenzi yangu ndogo ya zamani, kamera ikaamka mara moja. Kumbe haikuwa imeharibika. Ilikuwa imemkataa mgeni.

Mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yule mwajiri wangu wa zamani. Nilijua naye anaitaka kazi ile ile, lakini sikumjua mwingine aliyekaa na kamera miaka mingi kama yeye. Hakunicheka. Ningependa angenicheka, ingekuwa rahisi. Aliniambia kwa upole kwamba kampuni ya kamera haina deni la kuitambua lenzi ya watu wengine, na kwamba hiyo ndiyo hasara ya vitu rahisi. Halafu akasema nafasi yangu pale studio bado iko wazi.

"Hiyo kazi ya wachongaji niachie mimi," alisema. "Utanisaidia kuipiga, na mshahara utaupata kama kawaida."

Nilimshukuru na kukata simu. Niliketi kwenye ngazi za nje, majirani wakianika nguo, watoto wakipita chini ya mashuka yaliyolowa. Nilifikiria siku ya kumwambia baba kwamba mpiga picha wao amerudi kufuta lenzi za studio. Nilijaribu kuyapanga maneno yenyewe, na kila nilipoyapanga niliona uso wake ukikubali haraka, ili nisione haya. Hilo ndilo lililoniinua pale ngazini. Nikampigia yule mwanamke wa kibandani.

Sikuwa nimemaliza kueleza aliponikatiza. "Kuja nayo," alisema. "Usiichokore tena."

Alipoishika aliiweka lenzi juu ya kidude cha mviringo, mfano wa kifuniko cha mtungi, chenye waya uliokwenda kwenye kompyuta yake. Akanieleza kwamba ndani ya lenzi mna programu ndogo, na kila kamera ikibadilisha lugha yake, lenzi nayo hufundishwa lugha mpya. Waliotengeneza ile lenzi walikuwa wameshatoa dawa yake. Mstari wa kijani ulijaa kwenye kompyuta polepole, mimi nimeshikilia ukingo wa kaunta. Haukuchukua dakika kumi. Akaifunga kwenye kamera, kioo kikawaka, na ndani yake nikaiona kengele ndogo ya pale kaunta, uso wangu mwenyewe ukiakisiwa juu yake, nywele zimesimama wima.

Hakutaka malipo. Alinitaka tu nikiambiwa tena na kamera kwamba kuna kitu kipya, nimuulize kwanza.

Jumatano na Alhamisi nilipiga kibandani kwa baba. Kwa karibu vile, lenzi yoyote ile, ya jina au isiyo na jina, inashika kipande chembamba mno: pua ikikaa sawa, sikio linapotea. Kwa hiyo kila kinyago nilikipiga mara ishirini, nikisogeza fokasi kwa unywele kila mara, kisha kwenye kompyuta nikaziunganisha ziwe picha moja iliyo wazi kutoka pua hadi kisogo. Shida ilikuwa sakafu. Tezo, lile shoka dogo la kuchongea, ikigonga gogo, meza ilitetemeka, na picha moja kati ya ishirini ikitikisika zote zilikuwa bure.

Sikuthubutu kuwaambia watu kumi na wawili waache kazi yao. Baba ndiye aliyewaambia. Nilipoinua mkono, kibanda kizima kilinyamaza. Wazee wenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi walikaa kimya kama kanisani wakati wa sala, tezo magotini, wakinitazama nikizungusha lenzi. Nilipoushusha mkono, ko ko ko zikaanza tena zote kwa pamoja. Tulifanya hivyo siku mbili. Sijawahi kupewa heshima kama ile mahali popote.

Ijumaa mama mnunuzi alikuja na kioo cha kukuzia ndani ya mkoba. Mwajiri wangu wa zamani alikuja mwenyewe, amevaa koti, folda ya ngozi mkononi. Tulisalimiana vizuri. Picha zake zilikuwa safi, sitasema vingine. Alikuwa amepeleka vinyago studio na kuviwekea mwanga kama anavyowawekea maharusi, na mpingo ulikuwa uking'aa. Mama alizitazama, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua zangu.

Alikaa kwenye picha ya mchunga kondoo muda mrefu kiasi kwamba baba alianza kujikuna shingo. Akaivua miwani, akatumia kioo. Mwishowe alimuuliza baba kwa nini jicho moja la huyu mtu limeinama kuliko lingine.

"Anamtazama mtoto," baba alijibu. "Mtoto amelala chini."

Mama alikichukua kinyago chenyewe, akakiweka karibu na picha, akatazama huku na huku.

"Miaka sita nauza kihori hiki," alisema, "na sikujua kuna mtu anamtazama mtoto."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Aliniambia kazi ni yangu, seti nzima, vinyago arobaini, na kwamba anataka nyuso zote hivyo hivyo, makovu ya patasi yasifichwe. Aliuliza juu ya karatasi, juu ya rangi ya nyuma, juu ya siku. Saa nzima tuliyoketi pale hakuniuliza hata mara moja nilitumia lenzi gani.

Aliyeuliza alikuwa mwajiri wangu wa zamani. Mama alipokwenda kuagana na wachongaji, alikuja mezani, akainua kamera yangu kama mtu anayeshika mtoto mchanga wa watu, akaizungusha lenzi hadi akaona maandishi yake. Aliyasoma. Akairudia picha ya mchunga kondoo, akaigusa pembeni kwa ukucha. Nilingoja aseme mitumba.

"Wanatengeneza ya kamera yangu?" aliuliza.

Nilimwambia wanatengeneza, nikamwelekeza kwa mwanamke wa sweta, na nikamwonya kuhusu fokasi inayoguruma. Alinipa mkono. Nilijikuta nimesimama wima kabisa, kama mtu aliyevikwa nishani.

Kitabu kilifika miezi miwili baadaye, katoni moja, asubuhi. Nilikipeleka mwenyewe Shauri Moyo. Nilikata gundi kwa patasi ya baba, harufu ya wino ikatoka, na mkono wa kwanza ulionyooshwa baba aliuzuia. Aliwaambia wote wakanawe. Wakatoka wakapanga foleni kwenye mfereji wa maji wa nje, wanaume wazima, wakisugua kucha kwa sabuni ya kipande, wakipigana vikumbo. Wakarudi na mikono iliyolowa wakiipunga hewani ikauke.

Walikipokezana ukurasa kwa ukurasa. Aliyechonga ng'ombe alimtambua ng'ombe wake kwa pembe iliyopinda na akasimama kumwonyesha kila mtu. Mwingine alidai punda wa ukurasa wa kumi na tano ni wake, akabishiwa, mpaka wakamleta punda mwenyewe na kulinganisha. Baba alikuwa wa mwisho. Alikaa kwenye kigogo chake, akafungua kurasa za nyuso moja baada ya nyingine, midomo ikitembea kama anawahesabu. Alipomaliza alikifunga, akakifungua tena mwanzo.

"Mama," aliniita, bila kuinua macho, "leta kiti ukae hapa."

Nililetewa kiti, nikaletewa chai na mandazi, na siku ile tezo hazikusikika hadi saa nane mchana.